KIDOLE KILICHOPASULIWA NA KARATASI ZAKE



Mutu akiumia kidole kazini, watu wote wanatazama damu. Karatasi haitazamwi na mutu. Lakini damu inakauka kwa siku mbili, tatu, na karatasi inakaa miaka makumi mawili katika kabati ya ofisi. Siku utakapodai haki yako, mwenye kukujibu hakuona damu yako. Anaona karatasi tu, na anaamini yale yaliyoandikwa humo, yawe ya kweli ama ya kosa.

Kwa hiyo leo ukurasa huu wa afya na usalama utakufundisha namna kidole kinavyoandikwa: tangu dispansere, kupita kwa mupasuaji, mpaka faktire ya hospitali na asilimia ya kilema. Usiseme kwamba hiyo ni kazi ya makarani. Karani anaandika kile ulichomwambia wewe, ama kile shefu wako wa ekipi alichomwambia.

VIDOLE VINAHESABIWA NAMNA GANI

Wanganga wetu, waliojifunza kazi kwa Kifaransa, wanahesabu vidole kuanzia gumba. Gumba ni D1. Kidole cha shahada, kile cha kuonyeshea, ni D2. Cha kati ni D3, cha pete ni D4, na kile kidogo cha mwisho ni D5.

Tena kila kidole kina pingili kama muwa. Pingili ya karibu na kiganja ni P1, ya katikati ni P2, na ile yenye kucha ni P3. Lakini tazama gumba lako: lina pingili mbili tu, P1 na P2. Kwa hiyo mukono mumoja una mifupa 14 ya vidole, si 15. Ukiona karatasi imeandika «P3 D1», ujue mwandishi alikosea, kwa kuwa mufupa huo hakuna mutu aliyezaliwa nao. Rudisha karatasi siku ile ile, kwa heshima, nao watasahihisha. Ukingoja miezi sita, watakuambia ulibadili maneno.

Viungo navyo vina majina mafupi. Kiungo cha kidole na kiganja ni MCP. Kiungo cha katikati ni IPP. Kiungo cha karibu na kucha ni IPD. Na hapa kuna mutego ambao umewachanganya wengi. Herufi hizo IPP, katika karatasi ya mupasuaji, ni jina la kiungo. Katika karatasi ya ofisi ya mafao, herufi zile zile IPP ni kilema cha kudumu cha sehemu ya mwili, kile kinachopimwa kwa asilimia. Mutu anasoma «raideur IPP D3» katika ripoti ya hospitali, anafurahi kwamba amekwisha kupewa asilimia. Hakupewa kitu. Mupasuaji amesema tu kwamba kiungo cha katikati cha kidole cha kati kimekakamaa.

Mutego wa pili ni herufi D. Inasimama kwa kidole, na pia kwa upande wa kuume. Mutu akiandika haraka «plaie D2 D», mwingine anafikiri ni vidole viwili. Sisi tunashauri pande ziandikwe kwa neno zima: «main droite» kwa mukono wa kuume, «main gauche» kwa mukono wa kushoto. Ni herufi chache tu zaidi, na zinaokoa mikono.

Wamarekani walitatua jambo hili kwa njia yao. Katika faktire zao kila kidole kina alama yake, kumi kwa jumla. FA ni gumba la kushoto, kisha F1, F2, F3 na F4 ni vidole vingine vya kushoto kwa mufuatano. F5 ni gumba la kuume, na F6 mpaka F9 ni ndugu zake. Faktire ya kidole isiyo na alama inaweza kurudishwa bila malipo. Sisi hatutumii alama hizo hapa Kongo, lakini wazo lao ni zuri: kidole kisichotajwa upande wake ni kama barua isiyo na anwani.

NAMBA ZA JERAHA

Shirika la Afya la Ulimwengu, lenye makao yake Geneva, lina kitabu kinachopa kila ugonjwa na kila jeraha namba yake. Kwa Kifaransa kinaitwa CIM. Chapa ya kumi ilikubaliwa mwaka wa 1990 na ikaanza kutumika mwaka wa 1994. Chapa ya kumi na moja ilipitishwa mwaka wa 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, lakini ofisi nyingi bado zinaandika kwa chapa ya kumi, basi tujifunze hiyo.

Majeraha ya kiganja na vidole yako kati ya S60 na S69. Huna lazima ya kuyashika yote kichwani, lakini inafaa ujue tofauti zake, kwa sababu tofauti hizo ndizo zinazobeba haki yako.

S61.0 ni kidonda cha kidole kisichoharibu kucha. S61.1 ni kidonda kilichoharibu kucha. S62.5 ni mufupa wa gumba uliovunjika, S62.6 ni mufupa wa kidole kingine. S64 ni neva zilizokatika, na S66 ni kano, zile kamba nyeupe zinazovuta kidole ili kikunjike na kunyooka. S67.0 ni kidole kilichopondwa. S68 ni kiungo kilichokatwa na ajali: S68.0 ikiwa ni gumba, S68.1 ikiwa ni kidole kingine kimoja, S68.2 ikiwa ni vidole viwili ama zaidi.

Umeona? Namba S68.1 inasema «kidole kingine kimoja», haisemi kipi. Cha shahada na kidogo cha mwisho vina namba moja. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi. Kando yake yapaswa kuandikwa kwa maneno ni kidole gani, pingili gani, upande gani.

Sasa angalia jambo kubwa zaidi. Usiku, mutumikaji anafika dispansere na kidole kinachotoka damu. Infirmye anasafisha, anashona nyuzi tatu, anaandika «plaie simple», kidonda cha kawaida. Juma la pili nyuzi zinatolewa, na ncha ya kidole haikunjiki. Kumbe kano lilikatika ndani, na ngozi ilifungwa juu yake. Karatasi ya kwanza ni S61.0, jeraha lenyewe lilikuwa S66.1. Hapo hasara ni mbili. Kano linashonwa vizuri katika siku za kwanza, na baadaye linajivuta ndani ya kiganja na kazi inakuwa ngumu. Tena ofisi ya mafao itauliza: kama kilikuwa kidonda cha kawaida, kano hili lilikatika wapi? Nyumbani?

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kushonwa, wewe mwenyewe jipime mbele ya infirmye. Shika pingili ya katikati isisogee, kisha kunja ncha ya kidole. Nyoosha kidole chote. Mwambie mwenzako aguse pande mbili za ncha kwa kitu laini, wewe ukiwa umefumba macho, nawe useme kama unasikia. Ikiwa hakikunjiki, ama hakinyooki, ama upande mumoja hausikii kitu, useme wazi na uombe iandikwe. Jipime kabla ya shindano la ganzi, kwa maana baada ya ganzi kidole hakijibu ukweli. Infirmye mwema hatakasirika. Mimi napenda sana mugonjwa anayefanya hivyo, ananipunguzia kazi.

Pamoja na namba ya jeraha kuna namba ya sababu. W23 ni kubanwa kati ya vitu viwili. W31 ni mutambo mwingine. W20 ni kitu kilichoanguka juu yako, kama jiwe. Nyuma yake huongezwa tarakimu ya mahali. Tarakimu 6 ni mahali pa viwanda na ujenzi, na mugodi umo humo. Tena kuna Y96, maana yake ni jambo lililotokana na kazi. Tarakimu hizo ndogo ndizo zinazotenga aksida ya kazi na aksida ya nyumbani. Mahali fulani fulani utasikia shefu anasema: «Tuandike uliumia nyumbani, ekipi yetu isipoteze zawadi ya siku bila aksida.» Usikubali, hata kama shefu ni shemeji yako. Zawadi ya ekipi ni sukari na sabuni. Kidole ni chakula cha watoto.

KAZI YA MUPASUAJI

Karatasi za jeraha zinasema kilichokupata. Karatasi za upasuaji zinasema ulichofanyiwa. Ni orodha mbili tofauti, na faktire nzuri ina zote mbili, moja ikijibu nyingine.

Upasuaji mwepesi kwa kidole kilichokatika ncha unaitwa «régularisation». Mupasuaji anafupisha mufupa kidogo ili ngozi ifike kufunika, anashona. Kidole kinapungua urefu, lakini mutu anarudi kazini mapema. Wengi wanadhani munganga aliyefupisha mufupa amewadanganya ama ni mvivu. Hapana. Mufupa usiofunikwa na nyama hauponi, na ngozi iliyovutwa kwa nguvu juu ya mufupa inauma maisha yote, hasa asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba hapa kwetu.

Wa pili ni «greffe», ngozi nyembamba iliyotolewa mahali pengine na kubandikwa. Inataka nyama hai chini yake. Juu ya mufupa mutupu ama kano tupu haishiki.

Wa tatu ni «lambeau», na hapa ndipo ufundi ulipo. Ni kipande cha ngozi pamoja na mafuta yake na mishipa yake ya damu, kinachosogezwa kufunika shimo bila kukatwa kabisa kutoka mwilini. Kuna unaokatwa mfano wa herufi V, ukasukumwa mbele, na ukishonwa unabaki mfano wa herufi Y. Kuna unaotolewa kwa kidole jirani: ngozi ya mugongo wa kidole cha kati inafunguliwa kama mulango, inalazwa juu ya tumbo la kidole cha shahada, na vidole viwili vinashonwa pamoja. Baada ya majuma mawili ama matatu, damu mupya ikiwa imeingia, mupasuaji anavitenga. Na kile kidole kilichotoa ngozi kinafunikwa kwa greffe.

Hesabu basi. Aksida moja, kidole kimoja kilichoumia, lakini kazi za mupasuaji ni tatu juu ya vidole viwili kwa siku mbili tofauti. Tuseme mutumikaji wa konvoyeri amepondwa D2 ya kuume. Deklarasio ya aksida inasema D2. Faktire ya hospitali inakuja: upasuaji wa D2, greffe ya D3, na tena kurudi katika chumba cha upasuaji baada ya siku kumi na nane. Karani wa malipo anasimama. D3 imetoka wapi? Aksida ilikuwa ya D2. Na kwa nini mutu huyu alipasuliwa tena, walikosea mara ya kwanza? Anaweka faktire kando. Hospitali haijalipwa, hairuhusu miadi ya kineziterapia, na kidole kinakakamaa wakati makaratasi yanasafiri.

Hakuna mwizi katika hadithi hii. Kinachokosekana ni mistari miwili. Ripoti ya upasuaji ilipaswa kusema: «D3 ya kuume, kidole kizima, kilichotoa ngozi kwa ajili ya D2.» Na: «Hatua ya pili imepangwa tangu siku ya kwanza.» Wamarekani wana alama mbili tofauti kwa jambo hili katika faktire zao. 58 ni upasuaji wa pili uliopangwa tangu mwanzo. 78 ni mugonjwa kurudishwa chumbani kwa jambo lisilotazamiwa, kama damu isiyokoma. Mbili hizo hazilipwi sawa. Kwetu, maneno matupu yanatosha, yakiandikwa.

Kama kampuni imekutuma hospitali ya nje, karatasi ya kukubali malipo mara nyingi inataja upasuaji mumoja. Kabla ya kutoka hospitali baada ya hatua ya kwanza, mwombe munganga cheti cha hatua ya pili chenye tarehe, ukipeleke dispansere ya kampuni siku hiyo ama kesho yake. Usingoje siku ya kumi na saba.

Vipi juu ya faktire zenye kuzidisha? Zipo pia. Kanuni ya ulimwengu mzima ni kwamba kazi moja hailipwi mara mbili. Aliyehesabu lambeau amekwisha kuhesabu kushona kwake. Haandiki «kushona kidonda» katika mustari mwingine kwa kidole kile kile. Wamarekani, ambao faktire zao zinahesabu kila kitu, wana namba 26951 kwa kukata kidole na kukifunga moja kwa moja, na 26952 kwa kukata kidole na kukifunga kwa nyama ya jirani. Unachagua moja. Huandiki zote mbili kwa kidole kimoja. Hata shindano la ganzi ambalo mupasuaji mwenyewe anapiga katika kidole limo ndani ya bei ya upasuaji kwao. Lakini picha za radio, labo, siku za kitanda na dawa za kwenda nazo nyumbani ni mistari yake yenyewe, na si wizi kuziona peke yake. Shindano la pepopunda nalo litafute: kama umelipata, litaandikwa, na tarehe yake itakusaidia aksida nyingine.

KIDOLE KIKIKATIKA KABISA

Mwaka wa 1965, huko Japani, wapasuaji Komatsu na Tamai walirudisha gumba lililokatika kabisa. Waliunga mishipa yake midogo ya damu kwa kutumia darubini ya upasuaji. Tangu siku hiyo kidole kilichokatika si takataka tena.

Wenzake waliumia wafanye hivi. Kandamiza kidonda cha mukono kwa kitambaa safi na uinue mukono juu. Usifunge kamba kwenye kidole. Okota kipande, hata kama ni kichafu na kimepondwa, kwani ngozi yake ama kucha yake inaweza kufaa. Usikisugue. Kifunge katika kitambaa safi kilicholowa maji safi kidogo, ukiweke ndani ya mufuko wa plastiki, uufunge mufuko, kisha uutie mufuko huo katika maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe, kwa kuwa baridi kali inaua nyama kama moto. Pombe na mafuta ya mutambo visikaribie. Kidole hakina nyama nene ndani yake, kwa hiyo kinavumilia: bila baridi saa 6 hivi mpaka 12, na kwa baridi nzuri mpaka saa 24. Na saa ya aksida iandikwe juu ya mufuko pamoja na jina la mwenye kidole. Mupasuaji anaanza kuhesabu kwa saa hiyo.

Si kila kidole kinarudishwa. Gumba hupiganiwa sana, na vidole vya mutoto, na mikono iliyopoteza vidole vingi. Kidole kimoja kilichosagwa na rola, kwa mutu muzima, mara nyingi wapasuaji wanashauri kukifunga tu, kwa kuwa kidole kilichorudishwa kigumu bila kusikia kitu kinazuia vingine kufanya kazi. Mupasuaji akikuambia hivyo, mwombe aandike sababu. Na ukirudishiwa kidole, tumbako imekwisha kwako majuma mengi, kwa maana inabana mishipa ile midogo iliyoungwa kwa taabu.

Ikiwa gumba limepotea kabisa, mupasuaji mwenye darubini anaweza kuhamisha kidole cha muguu, ama kusogeza kidole cha shahada kikae mahali pa gumba. Hiyo ya pili inaitwa polisizasio. Hapo deklarasio lazima iseme wazi kwamba gumba lilipotea kwa aksida, na kidole cha shahada kilihamishwa na munganga. La sivyo, miaka mitano baadaye mupimaji ataona mukono wenye vidole vinne na kuandika «D2 haipo», na gumba, ambalo ni la thamani zaidi, litasahauliwa.

ASILIMIA

Thamani ya vidole si sawa. Kitabu cha wanganga wa Marekani cha kupima vilema kinagawa mukono hivi: gumba 40 kwa mia, kidole cha shahada 20, cha kati 20, cha pete 10, kidogo 10. Nchi nyingine zina orodha zao na hesabu zao, lakini popote gumba liko mbele. Bila gumba hushiki nyundo, hufungi burugo, hushiki hata kijiko sawasawa.

Asilimia haipimwi siku ya kutoka hospitali. Inapimwa wakati hali imetulia, yaani matunzo hayawezi tena kubadilisha kitu. Wafaransa wanaiita tarehe hiyo «consolidation». Kabla yake unalipwa kwa siku zisizo za kazi. Baada yake kinapimwa kilema kinachobaki, na kilema kidogo hulipwa fungu mara moja, kilema kikubwa hulipwa pensheni. Kwa hiyo usikimbilie kusaini tarehe hiyo wakati hatua ya pili ya upasuaji bado, ama kineziterapia haijaanza. Mupimaji aangalie urefu uliopotea, viungo vilivyokakamaa, mahali pasiposikia, kovu linalouma, na nguvu za kushika. Pia kidole kile kilichotoa ngozi, kama kimebaki kigumu, kinaingia katika hesabu. Wengi wanakisahau kwa sababu hakikuumia katika mutambo.

MASWALI MLIYOULIZA

Mumoja anauliza nani analipa hospitali. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamulazimisha mwajiri kutoa matunzo ya uganga kwa mutumikaji na jamaa yake. Aksida ya kazi na mafao yake ni ya Kaisi ya Taifa ya Usalama wa Jamii, CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS mwaka wa 2018, kwa kufuata sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mwajiri ndiye anayelipa sehemu ya hatari za kazi, si wewe. Ikiwa unaona imekatwa kwenye mushahara wako chini ya jina hilo, mwone delege.

Mwingine, wa kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa, anauliza kama karatasi yake ipelekwe kwa kampuni kubwa kwa kuwa aliumia katika mugodi wake. Mwajiri wako ni yule aliyesaini mapatano yako. Yeye ndiye anayepaswa kudeklare. Lakini uombe pia kitabu cha dispansere ya mugodi kitaje jina lako na saa uliyofika, kwa maana kampuni ndogo zinafungwa, na kitabu cha dispansere kinabaki. Leo hii, kabla ya kuumia, muulize mwajiri namba yako ya CNSS. Akijibu «itakuja», uulize tena kesho.

Mama mumoja anauliza kwa nini mume wake alinyimwa ruhusa ya kuvaa glavu karibu na drili inayozunguka, na tena kwa nini aliagizwa kuvua pete ya ndoa. Mama, glavu ikishikwa na kitu kinachozunguka haikatiki haraka, inavuta mukono wote. Na pete ikishikwa na musumari mutu akiruka kutoka gari, inavua ngozi ya kidole kama soksi, pamoja na mishipa. Jeraha hilo ni gumu kuliko kukatwa kwa kisu. Pete ikae nyumbani katika sahani, ndoa haitavunjika.

Swali la mwisho: mutu aliumia zamani, akalipwa, sasa kisiki cha kidole kinavimba na kinauma hata hawezi kushika koleo. Je, ni aksida mupya? Hapana. Asiandikishe aksida mupya, kwa maana hakuna shahidi wala tarehe, na itakataliwa. Ni «rechute», jeraha la zamani lililoamka. Katika hesabu ya CIM matokeo ya kuchelewa ya kidole kilichopondwa ama kukatwa yana namba yake, T92.6, na kukosa kidole ni Z89.0. Munganga aandike hiyo pamoja na tarehe ya aksida ya kwanza na namba ya faili ya zamani. Namba hiyo iko juu ya barua ya kwanza ya mafao. Kama barua imeliwa na panya, dispansere inayo nakala. Njoo asubuhi kabla ya saa nne, kwa kuwa baada ya hapo ni zamu ya watoto na mashindano yao, na kabati ile iko nyuma ya meza ya mizani.